Nitumie Dumu Moja la Maji Yenu ya Bomba

Bondeni, Kyela
Jumapili, 9 Mei 1993

Mpendwa mwanangu Anyosisye,

Ugonile, mwanangu. Nakuamkia kwa salamu ya kwetu kwanza, halafu ndiyo niingie kwenye Kiswahili, maana najua huko Dodoma hakuna wa kukuamkia hivyo asubuhi. Umeamkaje? Umelalaje? Baba Ezra naye ameamkaje? Ezra anakula? Nancy analala usiku, au bado anajikuna? Nijibu moja moja, usiniandikie kwamba wote hawajambo ukapita.

Sisi huku tupo. Baba yenu Ezroni mguu wake unamsumbua kila mvua ikizidi, na mwaka huu mvua haijui kupumzika, lakini juzi alikwenda mwenyewe mpaka shambani kuangalia mpunga na kurudi. Bibi yako Tulinagwe anaona kwa jicho moja sasa, ila kwa hilo moja anaona kuliko sisi wenye mawili. Anakusalimu na anauliza kama umeshapata mtu wa kukusuka. Mdogo wako Mercy yuko darasa la saba, anasoma kwa bidii, anapenda sana vitenge vyangu kuliko vyake. Baba yako mdogo Hebroni hajambo, mke wake hajambo, ng'ombe wake hawajambo. Huyo Hebroni nitamrudia, maana nusu ya barua hii ni habari zake. Mimi mama yako mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia wiki ya pili sasa.

Utaona mwandiko si wa Mercy. Barua zote huwa namtajia yeye anaandika, lakini hii nimeona nisimtajie mtu. Nimeiandika mwenyewe kwa haya machache niliyoyapata kwenye darasa la kisomo, na nimeianza tangu jana mchana. Pale nilipokosea soma hivyo hivyo, wewe unanijua ninavyosema.

Tena sikuiweka posta. Anakuja nayo Athuman, mdogo wake Abdulwahab mwenye duka la hapa Bondeni. Anapeleka mchele Dodoma kwa lori, anaondoka Jumanne. Nimemwambia akupe wewe mkononi, si jirani, si mtu wa karakana ya baba Ezra, wewe. Ukishaipokea kaa chini uisome mpaka mwisho kabla hujainuka kufanya kazi nyingine.

Mwanangu, ile picha yenu ya Pasaka ilitufikia. Ndaga fijo, tulishukuru. Bibi yako aliibusu. Lakini nitakwambia kweli, mimi nilipoishika furaha yangu haikumaliza dakika tano.

Nilianza kuangalia kitenge. Ni kile cha bluu nilichokununulia kwa wale akina mama wanaovuka kutoka Malawi, siku unaondoka. Nilikichagua mwenyewe kwa sababu rangi yake ilikuwa inawaka. Kwenye picha kimepauka kama kitambaa cha kudekia, tena kimesimama, hakilali mwilini. Nikaangalia Nancy. Gauni lake jeupe nililolifuma kwa mkono wangu limekuwa rangi ya chai. Nikaangalia mikono yako uliyoiweka kwenye kiti. Mwanangu, mikono ile! Imepasuka, ina weupe kwenye vidole kama mtu aliyekuwa anakanda udongo. Na kichwa umekifunga kitambaa mpaka kwenye masikio, wewe ambaye tangu mdogo ulikuwa unakataa hata leso kwa ajili ya nywele zako.

Halafu nikasoma barua yenyewe. Uliandika mistari michache sana. Ulisema maharage niliyokutumia umewagawia majirani. Ulisema chai siku hizi hunywi nyumbani. Mwisho ukaomba kama naweza kukutumia sabuni.

Sabuni! Nilikaa chini na barua yako. Wewe ulikuwa mkubwa kiasi, unakumbuka ile miaka ya foleni, mche mmoja wa sabuni tulikuwa tunakata vipande kama nyama ya sikukuu, tukafua kwa majani ya mpapai, na wanawake wote wa hapa tukawa tumepauka kama hiyo picha yako. Lakini ile ilikuwa nchi nzima. Leo maduka yamejaa, sabuni ziko za kila rangi, zimepangwa mpaka barazani, nyingine zinanukia hata mtu anaogopa kuzifulia. Sasa mwanamke mwenye mume anayefanya kazi, tena fundi seremala mwenye kazi za watu, anamwombaje mama yake sabuni kutoka Dodoma mpaka Kyela? Nikajijibu mwenyewe. Nikasema, mwanangu ananyimwa. Ananyimwa sabuni, ananyimwa mafuta ya kupaka, ananyimwa hata kuni za kuivishia maharage, na chai anakwenda kunywa kwa majirani.

Hapa kwetu unajua. Mwanamke akipauka mume ndiye anayeulizwa. Maji yetu ukigusisha sabuni tu yanatoa povu mpaka kiwiko, mafuta ya mawese yapo, mtu atapauka kwa nini kama hakuna jambo nyumbani? Sikuwaza kitu kingine. Sikujua kwamba kuna kitu kingine cha kuwaza.

Ningenyamaza, ningekuandikia kukuuliza, pasingekuwa na neno. Lakini sikunyamaza. Hapa ndipo kosa langu, na nakuomba usinikasirikie mpaka umalize kusoma. Niliichukua ile picha nikaenda nayo kwa baba yako mdogo Hebroni, nikilia.

Unamjua Hebroni. Hakuniacha nimalize. Aliiangalia picha, akaiweka mfukoni, akachukua fimbo yake, akatembea mpaka Bujonde kwa mzee Ambilikile, baba mkwe wako. Mimi nikimfuata nyuma kwenye tope namwambia, shemeji ngoja, shemeji tuulize kwanza. Anasema, "Kuuliza kumekwisha, picha imejibu."

Alifika akasimama uani, hakukaa kwenye kiti alichopewa. Akamwonyesha mzee picha akasema, "Huyu mlimchukua kwetu anang'aa. Mtazame. Kama mumewe Aliko ameshindwa kumtunza aseme, ng'ombe wenu warudi, mtoto wetu arudi na wanawe."

Mzee Ambilikile aliitazama ile picha muda mrefu. Unajua hajawahi kukutazama uso, kwa heshima yetu ya mkwe na baba mkwe, hata siku ya harusi ulipita umejifunika. Sasa anaonyeshwa picha yako mikono imepasuka, mbele ya watu. Mimi niliona aibu ile mpaka leo naiona. Akasema taratibu, "Sikumlea Aliko kuwa mchoyo. Lakini kama ni kweli, mimi sitamtetea." Akaweka kikao. Ni Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili mwezi huu, hapo hapo kwake. Kama hakuna maelezo, Hebroni anakuja Dodoma kukuchukua wewe na watoto, na ng'ombe wanarudi Bujonde.

Usimchukie baba yako mdogo. Hao ng'ombe wa mahari yako wako kwenye zizi lake, wamezaa, maziwa anakunywa yeye na watoto wake. Wakirudi yeye ndiye atakayebaki na zizi tupu. Na bado anasema warudi hata leo. Anakupenda kwa namna yake ya kupiga kelele.

Baba yenu aliambiwa yote. Mpaka leo hajanilaumu kwa neno, na ningependa anilaumu. Mama Aliko, mkwe mwenzangu, ambaye tulikuwa tunapeana mbegu na kusindikizana mpaka njia panda, siku ya soko alinipita karibu hivi, nikamwita, akageuza uso akawa anauliza bei ya dagaa. Dagaa wenyewe hata hakununua.

Sasa sikiliza jinsi nilivyokuja kujua kwamba huenda nimewakosea watu wote hawa.

Jumatano nilikwenda dukani kwa Abdulwahab kununua hiyo sabuni uliyoomba. Nilisema kikao kiwepo kisiwepo, mwanangu hatafulia udongo. Alikuwepo mke wake Mwanaheri. Nikachukua miche minne. Akaniuliza, una harusi? Nikamwambia hapana, ni za mwanangu yuko Dodoma, na ile picha nilikuwa nimemnyang'anya Hebroni, ninayo kwenye pindo la kitenge, nikamwonyesha. Mwanangu, alipoiona alicheka.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mwanaheri, unacheka nini na mwanangu anakwisha?"

"Mama Anyosisye, nani kakwambia anakwisha? Huyu kawa mtu wa Dodoma tu! Tazama kitenge kilivyosimama. Mie nimekaa kule miaka mitatu, nimepauka hivi hivi, mpaka mama yangu kanitumia salamu anauliza nimeolewa au nimeajiriwa kuchoma chokaa."

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema ni maji. Maji ya bomba ya kule wanayatoa chini sana ardhini, ni maji magumu, yana chumvichumvi na kitu kama chokaa ndani yake. Ukiweka sabuni haitoi povu, inagandamana inakuwa kama maziwa yaliyokatika, inaelea juu, inashika kwenye nguo. Unaongeza sabuni, unaongeza tena, mche unakwisha nguo bado ina utando. Ukianika inakauka inasimama kama ubao. Nguo nyeupe ndiyo usiseme. Ukioga ngozi inakaza, usipopaka mafuta hapo hapo inapasuka. Nywele zinakuwa kama katani. Maharage unachemsha tangu asubuhi, kuni zinakwisha, yenyewe yanagonga meno. Chai inafanya utando juu na ladha yake mtu wa Kyela haimezi.

Kila alilosema ni lile lililokuwa kwenye barua yako.

Abdulwahab alikuwa anapima mchele, akaingilia, "Mama, mimi nilikuwa namgombeza huyu kwa ajili ya sabuni. Kila nikileta imekwisha. Nikawa nadhani anaila."

"Ungenifulia wewe hizo kanzu ungejua nani anaila," Mwanaheri akamjibu, wakacheka wote wawili. Mimi sikuweza kucheka.

Akaingia ndani akaniletea birika alilokuja nalo kutoka huko. Akafunua mfuniko akasema ingiza mkono. Ndani limejaa ukoko mweupe, mgumu, nimeuparua kwa kucha haukutoka. Akasema hiyo ndiyo chai waliyokuwa wanakunywa.

Mwanangu, kwa nini hukusema maji? Umeandika maharage, umeandika chai, umeandika sabuni, neno moja la maji hukuliandika. Najua tabia yako. Ulisema nikianza kulalamika juu ya maji mama atasema mtoto wangu amekuwa wa mjini. Au uliona kwa kuwa wewe unayateka kila siku basi na mimi nayajua. Mimi sijawahi kuvuka Mbeya. Kwangu maji yakishakuwa meupe ni maji.

Nikaomba birika nikaenda nalo kwa Hebroni. Baba yenu alikuwa huko huko amekwenda kumtembelea. Nikawaeleza yote. Hebroni akalipindua birika, akalinusa, akalirudisha.

"Shemeji, juzi ulikuja na picha unalia, nikaenda nikagombana na watu wazima. Leo unakuja na birika. Kesho utakuja na sufuria?"

Nikamwambia ni maji, Hebroni, ni maji ya kule.

"Chokaa hata mimi naweza kulipaka birika langu. Birika halijaolewa na Aliko. Labda yaletwe hayo maji yenyewe yafue mbele yangu, nione sabuni ikikataa."

Alisema kwa kunidhihaki. Lakini baba yenu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu siku ya picha, akasema, "Basi yaletwe." Hebroni akamtazama kaka yake akidhani naye anafanya mzaha. Baba yenu akarudia, "Yaletwe, yafue mbele ya kikao. Mimi nitakubali." Hapo Hebroni alikubali, maana kaka yake ameshasema.

Kwa hiyo mwanangu, hili ndilo ninalokuomba. Nitumie dumu moja la maji yenu ya bomba. Usicheke. Najua huko maji mnayapigania na huku mvua inatunyeshea mpaka vyura wanaingia jikoni, na mimi naagiza maji kutoka Dodoma. Hapa wameshaanza kunicheka. Athuman mwenyewe nilipomwambia aliweka mikono kiunoni.

"Mama, nimebeba mchele, nimebeba mahindi, nimewahi kubeba na mbuzi. Maji kuyatoa Dodoma kuyaleta Kyela, hapo sijafika. Wakinisimamisha barabarani niwaambie ninabeba nini?"

Nikamwambia sema ni dawa.

"Wakisema ninywe?"

"Kunywa, baba, utawaonyesha uso ulivyokunjamana nao wataamini."

Basi akakubali. Ni kijana mwema, ana maneno mengi tu.

Uyateke wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwenye bomba lile lile unalofulia. Usiyachemshe, usiyachuje, usiyatulize usiku kucha. Yaje kama yanavyotoka. Dumu liwe la mafuta ya kula lililooshwa vizuri, mafuta yasibaki, maana Hebroni atasema ni mafuta yaliyozuia povu. Siku ya kikao nitaweka makarai mawili pale uani kwa mzee Ambilikile. Moja maji yetu, moja maji yenu, sabuni mche mmoja uliokatwa katikati mbele ya macho yao. Na sitafua mimi. Nitamwomba mama Aliko afue yeye, aone kwa mikono yake mwenyewe alichokuwa anafanya mkwewe huko miaka miwili, na mwanawe anachonunulia sabuni kila siku. Kama atanikubalia. Kama hatanikubalia nitapiga magoti, nimeshaamua.

Kinachoninyima usingizi ni barua ya mzee Ambilikile. Aliiandikisha na kuipeleka posta Jumatatu iliyopita, kwenda kwa Aliko. Sijui imefika au iko njiani. Sijui ameandika nini. Kama imefika, basi baba Ezra ameshasoma kwamba ukweni wanamwita mchoyo, wanataka kumchukulia mke na watoto, na aliyeanzisha ni mama mkwe wake. Na labda ni mtu ambaye anapanga foleni ya maji usiku, anakununulia mafuta ya kupaka, na kula maharage magumu bila kusema neno. Nikifikiri hivyo naona nimekwenda kuharibu nyumba iliyokuwa imetulia. Naogopa barua hiyo itakugombanisha naye kwa jambo ambalo halikuwepo.

Mpe barua hii aisome kama utaona inafaa. Mwambie mama anasema hivi: Aliko mkwe wangu, sina uso wa kukuambia neno, na kwa desturi yetu siwezi kukaa nawe tukazungumza haya ana kwa ana. Nilipaswa kuuliza kwanza. Sikuuliza. Kama hukumfanyia mwanangu ubaya, basi ubaya nimekufanyia mimi, na nitausema hivyo hivyo mbele ya baba yako na watu wote siku ya kikao.

Lakini Anyosisye, mwanangu, soma hapa wewe peke yako, na karatasi hii uitoe kabla hujampa.

Mimi sikusoma sana ila mjinga siyo. Maji yanaweza kuwa mabaya na mume naye akawa mbaya. Birika la Mwanaheri limenionyesha maji, halikunionyesha Aliko. Mwanaheri alipauka na mume wake alikuwa mwema, sawa. Wewe sijui. Kwenye picha hukucheka. Labda ni jua, labda mpiga picha alisema msicheke, labda ni Nancy alikuwa anakusumbua mapajani. Nimeitazama mpaka kona zake zimeanza kuchanika na sijapata jibu. Wewe ndiye unajua.

Basi tufanye hivi, huhitaji kuandika neno ambalo mtu atalisoma. Kama ni maji tu, nipe maji. Kama kuna jambo jingine ndani ya hiyo nyumba, usinipe maji. Mwambie Athuman hukupata nafasi, asiulize zaidi. Akirudi mikono mitupu, mimi kikao sitakingoja. Siku hiyo hiyo napanda gari la Mbeya, na kutoka Mbeya nitauliza njia mpaka nifike kwako. Sitamtuma Hebroni, nitakuja mwenyewe, kwa utaratibu, bila kelele.

Sasa nimekutumia vitu. Kuna gunia dogo la mchele, kuna sabuni miche minne, chupa mbili za mafuta ya mawese, na kopo la mafuta ya nazi ambalo Mwanaheri amelitoa yeye, hakutaka nilipe. Anasema umpake Nancy akiwa bado na maji mwilini, usingoje akauke. Maharage sikutuma tena, nimetuma kunde, zinaiva upesi. Kama ni lazima maharage, yalaze kwenye maji na magadi kidogo sana, kwenye ncha ya kijiko, ukizidisha yananuka. Nguo pia anasema weka magadi kwenye maji kwanza, yaache kidogo, ndiyo uweke sabuni. Gauni la Nancy usilisugue tena, litachanika. Nitamfumia jingine, safari hii la rangi ya kahawia tumalize maneno. Nywele zako suuza na maji ya mvua kama mlikinga, na kama hamkukinga basi acha zipumzike, zitaota. Bibi yako anasema hata zikikatika zote utabaki mtoto wake.

Mercy anakusalimu, anaomba umwandikie kama shule za huko zina nafasi, lakini usimjibu kwanza, hilo tutazungumza. Baba yenu anakusalimu sana. Nilipomwuliza niandike nini kutoka kwake alisema, "Mwambie nipo." Ndivyo alivyosema. Hebroni nimemwambia ninakuandikia, akasema nikuandikie kwamba chumba chako kwake kimeshafagiliwa. Msalimie Ezra, mwambie bibi yake anamwekea ndizi. Mbusu Nancy kwenye mikono yote miwili. Wasalimie majirani waliokula maharage yangu.

Kyala, Mungu wetu, akufunike, wewe na wanao, akuondolee kila kinachokukausha, awape maji mema na moyo mwema ndani ya hiyo nyumba. Na mumeo naye amfunike, kama anastahili ninavyoomba astahili.

Ni mimi mama yako niliyekubeba na bado ninakubeba,

Rut

Nimeifungua tena bahasha. Athuman anakaa Dodoma siku mbili tu, akishashusha mchele anageuza, anataka awe hapa Alhamisi ya tarehe ishirini. Usimwambie apite kesho, kesho atakuwa anapakia. Mpe siku hiyo hiyo. Nimeogopa tu usije ukashindwa kunipa kwa sababu ya kukosa dumu, halafu mimi nikaelewa vibaya, nikapanda gari. Kama dumu hakuna, tia kwenye chupa ya soda, uzibe hata kwa gunzi. Chupa moja inatosha kufulia leso. Hata ikimwagika njiani ikabaki nusu, mwanangu, nitumie hiyo nusu. Nitumie upesi.